Grafu ya Mpunga wa Dakawa

Kompyuta ya kwanza ilipofika chuoni kwetu Morogoro, sukari ilikuwa adimu na karatasi tuliziandika pande zote mbili. Ilikuwa msaada kutoka nje, na ilikuja na mashine ya kuchorea grafu: meza ndogo ya bati yenye mkono mwembamba ulioshika kalamu. Tuliwekwa watu wawili kuihudumia. Mimi nilikuwa binti wa Bigwa, papo hapo Morogoro, mtafiti msaidizi niliyeajiriwa karibuni. Mwenzangu alikuwa kijana wa Bukoba aliyepelekwa ng'ambo kuzisomea mashine hizo, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Aliniita dada, nami nikamwita kaka.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa mpunga wa Dakawa. Msimu ule tulikuwa tumejaribu mbegu nne, kila mbegu kwa viwango vinne vya maji, kila kiwango na kitalu chake. Vitalu havikulingana ukubwa, kwa hiyo tulikuwa na majedwali mawili: moja la kilo tulizovuna, jingine la ukubwa wa vitalu. Mashine ilitakiwa igawe kilo kwa ukubwa, kitalu kwa kitalu, kisha ichore mstari mmoja kwa kila mbegu, ili wakulima waone mavuno yanavyobadilika maji yanapoongezwa.

Mchoro wa kwanza ulituvunja mbavu. Kalamu ilikwenda kulia, ikarudi kushoto, ikakata katikati, mpaka karatasi ikafanana na kiota cha mnana. Kaka ndiye aliyeng'amua. Mashine iliziunga nukta kwa mfuatano tuliouingiza, nasi tulikuwa tumeziingiza kama tulivyovuna, si kama maji yalivyoongezeka. Tukazipanga upya, na safari hii mistari ikatoka laini, kila mbegu na rangi yake. Mkuu wa idara, mzee wetu wa Kilimanjaro, alikuja kuitazama, akafurahi, akasema tuipeleke kwenye mkutano wa wakulima wiki hiyohiyo.

Mimi sikutulia. Mbegu iliyoshika mkia kwenye grafu ndiyo niliyoivuna mwenyewe pamoja na akina mama wa Dakawa, masuke yameinama kwa uzito. Nilimweleza kaka. Akasema macho ya shambani hudanganya, ila mashine haijui kusema uongo.

"Haisemi uongo, kaka," nilimjibu. "Lakini huenda hatujaelewana nayo."

Alinitazama kidogo, akalegeza tai, akavuta kiti. Akasema tutengeneze majedwali madogo ambayo majibu yake hata mtoto anayajua. La kilo tukaliandika kumi na ishirini juu, thelathini na arobaini chini. La ukubwa, moja na mbili juu, tatu na nne chini. Kila jibu lilipaswa kuwa kumi. Mashine ikatoa kumi, sita na ushei, kumi na tano, kumi.

Tuliiambia itoe jedwali la ukubwa kama ilivyolishika. Mbili na tatu zilikuwa zimebadilishana mahali. Maagizo ya programu yalikuwa yakijaza jedwali la kilo kwa kwenda kulia na la ukubwa kwa kushuka chini. Kwa kuwa mbegu zilikuwa nne na viwango vya maji vinne, namba zote zilienea bila kubaki wala kupungua, na mashine haikuona kasoro yoyote. Ilikuwa imegawa mavuno ya kitalu kimoja kwa ukubwa wa kitalu kingine.

Kaka alicheka mpaka akafuta machozi. Alirekebisha maagizo, tukaanza kuchora upya, na umeme ukakatika kalamu ikiwa katikati ya karatasi. Tukala ndizi za kuchoma nilizotoka nazo nyumbani, tukanywa chai isiyo na sukari, tukasubiri. Umeme uliporudi tukaanza tena mwanzo, na mbegu yangu ikapanda juu ya zote. Tulipeana mikono kama watu walioozesha.

Kwenye mkutano wa wakulima kule Dakawa tuliibandika grafu ukutani. Mama aliyekuwa kiongozi wa wavunaji alisogea. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku macho yake yako ukutani. Aliufuata mstari kwa kidole mpaka ulipolala, akaniuliza mbona haupandi tena. Nikamweleza kwamba hapo maji yakizidi, mpunga hauongezeki.

Aliwageukia wenzake. "Basi hayo ya ziada tuwaachie wenzetu wa mwisho wa mfereji," alisema, "wanalalamika kila mwaka."

Wakajadiliana, wakakubaliana, na msimu uliofuata ndivyo walivyofanya. Siku ile walitupikia wali wa mbegu ileile kwa samaki wa mtoni. Kaka aliongezewa sahani mara mbili bila kuomba, na njiani kurudi tuliimba nyimbo za mavuno, yeye akikosea maneno yote ya Kiluguru na dereva akimsahihisha mpaka tukaiona milima ya Morogoro.