Jino la Ushahidi

Enzi za utawala wa jeshi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa meno, zahanati moja ya Wandegeya. Mbele yangu mama alimpakata mwanawe aliyevimba shavu. Nesi alilitazama jino, akasema dawa ya ganzi imeisha, kisha akatoa ushauri, kwa kuwa huo haukuwa umeisha.

"Mama, punguza sukari."

"Sista, sukari yenyewe iko wapi?"

Askari aliyesimama mlangoni akageuka. "Nani anasema sukari hapana?"

Benchi zima tukatazama sakafu. Mama akamfungua mtoto mdomo kwa vidole viwili, akamgeuzia askari.

"Iko, afande. Iko mingi sana. Angalia meno yake."

Askari akainama, akachungulia, akaridhika.

Jino halikung'olewa. Lilikuwa limeshapata kazi serikalini.