Mchapishaji Ambaye Hakuikokota Mahakama

Virgil Tackett, mchapishaji mpya wa gazeti la Mwenge wa Ellery, aliileta karatasi ya majaribio ya gazeti la kesho kwa mkono wake mwenyewe, bado inanuka wino, huku akitabasamu kama mshenga aliyebeba posa. Almira Pruitt aliisoma amesimama mlangoni.

Ilisema kwamba marehemu mumewe, Lysander Pruitt, mchapishaji wa kwanza na meya wa kwanza wa mji ule, ndiye jemadari aliyeongoza mashujaa wa Ellery kwenda kuitwaa mahakama ya kaunti kutoka mji jirani wa Sorley. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Waanzilishi. Gazeti lingegawiwa kwa kila mtu uwanjani, na kuanzia hapo uongo ule ungekuwa ndiyo historia.

"Nimemtukuza, Mama Pruitt," alisema Tackett.

"Umemvika koti la mwizi. Ngoja nichukue kofia yangu."

Katika Dakota nzima, nyanda zile za Marekani, hakuna mtu ambaye koti lile halikumstahili kama Lysander. Alifika kabla ya reli, na mtambo wa kuchapa juu ya mkokoteni wa maksai, mkewe akitembea pembeni kwa sababu mtambo ulikuwa mzito na nafasi hakuna. Walipanga herufi ndani ya nyumba ya matofali ya udongo uliokatwa pamoja na nyasi zake, na mvua iliponyesha paa lilidondosha tope juu ya habari za wiki. Mkulima hakupewa hati ya shamba mpaka atangaze gazetini, basi matangazo hayo ndiyo yaliyowapa mkate, na mkate ndio uliompa Lysander nafasi ya kusema kweli. Walimfanya meya kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kusoma sheria bila kutikisa midomo. Akawachimbia kisima, akawajengea shule, akazungushia makaburi ua ili nguruwe wasifukue wafu. Kwa ule ua walimcheka mwaka mzima.

Ni kweli kwamba aliwahi kuchapa toleo la kuwavutia walowezi wa mashariki, lenye picha ya meli ikipita katika kijito cha Ellery, ambamo bata hutembea kwa miguu kiangazi chote. Magazeti yote ya nyanda zile yalifanya hivyo. Almira hakulipenda lile toleo na hakuona sababu ya mtu kulizungumzia.

Kisha yakaja mambo ya mahakama. Mji wenye mahakama ndio uliopata reli, benki na wanasheria. Usio nayo ulibaki kuwa kituo cha kunyweshea farasi. Wananchi walipiga kura, Sorley ikashinda. Hobart Sneed, dalali wa viwanja aliyekwisha kuuza nusu ya Ellery kwa ahadi kwamba mahakama ingekuja, hakukubali. Siku watu wa Sorley walipokuwa makaburini wakimzika daktari wao, Sneed na genge lake walikwenda na maksai na magogo, wakaliinua jengo zima, wakalikokota juu ya theluji mpaka Ellery. Katika nchi ile kuhamisha nyumba ya mbao si ajabu. Watu walihamisha hata makanisa. Lakini wanaume kungojea mpaka wenzao washike majembe ya kuzika! Walipoufungua mlango walimkuta mfungwa mmoja, mwizi wa farasi, ameketi kando ya jiko, akawauliza kama chakula cha mchana kiko tayari. Mji mzima ulicheka hadi machozi.

Lysander hakucheka. Aliandika kwamba katika wezi wote walioingia Ellery siku ile, mmoja tu ndiye aliyekuwa amekwisha kuhukumiwa, naye ndiye wa kuheshimiwa kuliko wengine. Akazigeuza pau za shaba zinazotenganisha safu za gazeti, zikatoa michirizi minene myeusi, kama wachapaji wafanyavyo akifa rais. Katikati aliandika kwamba aliyekufa ni mji wa Ellery. Almira ndiye aliyepanga maneno yale, herufi baada ya herufi, na katika maisha yake hakuwahi kupanga kazi safi kuliko ile.

Genge lilikuja mchana kweupe, likamwaga masanduku yote ya herufi kwenye tope la barabarani. Mume na mke walipiga magoti kuziokota. Majirani ambao Lysander alikuwa ametangaza ndoa zao na kuwapokea watoto wao kwa maneno mazuri walijipanga barazani wakitafuna tumbaku na kutema. Mmoja aliuliza, "Meya, unapanda nini hapo? Ngano au shayiri?" Wakacheka tena. Uchaguzi uliofuata walimpa Sneed umeya. Lysander aliendelea kuchapa gazeti jembamba, nusu ya herufi zikiwa na mchanga, mpaka kichomi kilipomchukua. Waliomwaga herufi ndio waliobeba jeneza, na Almira alilazimika kuwashukuru.

Sasa alipita barabara ileile, Tackett akimfuata nyuma na maelezo yasiyokwisha. Ndani ya chumba cha kuchapia walimkuta Sneed mwenyewe, amenenepa, ameketi katika kiti alichokuwa akikalia Lysander, bakuli la kutemea tumbaku miguuni. Alimkaribisha kama mwenye nyumba. Almira alibaki amesimama, akamuuliza ni nani aliyeandika upuuzi ule.

Sneed hakukana. Alimweleza kwa upole, kama mtu amfundishaye mtoto, kwamba kesho kungekuwa na wageni wakubwa, gavana akiwa mmojawapo, na kwamba kisa cha mahakama kilikuwa bado kinanuka kidogo puani mwa watu wa nje. Kilihitaji uso safi mbele yake.

"Na jina la Lysander ndilo pekee mjini lisilo na doa, Bi Almira," alisema. "Tumeliazima tu. Hilo halimpunguzii marehemu kitu."

"Mlipokuwa mkimtemea tumbaku hamkuliazima."

"Ujana ule, mama. Nani asiye na ujana?" Akajifuta midomo kwa kiganja, na kiganja akakifuta kwenye mkono wa kile kiti. Kisha akatoa alichokuwa amekificha mpaka hapo. Kesho shule ingepewa jina. Ubao ulikwisha kuchongwa: Shule ya Pruitt. Sharti lilikuwa moja tu, familia isilete maneno.

Almira aliugeukia ubao. Shule ile Lysander aliinyoosha kuta kwa mikono yake. Hawakujaliwa mtoto wa kuliendeleza jina, na ubao juu ya mlango ungedumu kuliko mjane. Tackett alimwona akiutazama ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akadhani mambo yamekwisha, akaenda kuwasha taa karibu na mtambo.

Almira akavua glavu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mezani, umekazwa ndani ya fremu yake ya chuma. Aliufungua. Herufi za madini ya risasi husomwa kinyumenyume, naye alizisoma kama mtu asomavyo jina lake. Alipoifikia aya ya jemadari, aliichomoa mstari kwa mstari na kuimwaga sandukuni.

"Mama, usiguse!" Tackett alilia. "Itabaki tundu ukurasa wa kwanza!"

"Ndiyo. Na libaki." Alijaza vipande vya mbao mahali palipokuwa na uongo ili ukurasa usiporomoke, akaikaza fremu upya. "Habari za kisima nimekuachia. Shule nimekuachia. Jina lake na siku aliyokufa, vyote vipo. Ukirudisha hii aya, kesho nitapanda jukwaani mbele ya gavana wenu niisome mwenyewe, kisha niwataje waliokuwepo, mmoja mmoja. Wewe Hobart ndiye nitakayeanza naye."

Sneed alitema bakulini, akakosa. "Basi shule haitaitwa Pruitt."

"Na iitwe Sneed. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mahakama mliikokota ninyi."

Gazeti lilitoka na pengo jeupe katikati ya ukurasa, kubwa kama kiganja. Uwanjani bendi ilipiga, gavana alisifu ujasiri wa waanzilishi, na Sneed alipigiwa makofi mpaka akalia. Almira alikaa safu ya mbele, ncha za vidole vyake nyeusi kwa risasi, glavu mapajani. Kila aliyempita alimwonyesha lile pengo na kumuuliza palikuwa na nini.

"Uongo," alijibu kila mara, bila kupaza sauti. "Nimeutoa."

Wengine walicheka kwa haya, wengine wakageuza kichwa wakatazama bendi. Mwanamke mmoja kutoka Sorley, aliyefiwa na baba yake daktari msimu ule wa maksai, hakuuliza kitu. Alikaa kando yake mpaka hotuba zikaisha.

Ubao wa Shule ya Sneed ulitundikwa jioni ileile, bado unanuka rangi. Almira alipita chini yake akielekea nyumbani, kichwa juu, na leso puani.