Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mama mkubwa Léocadie alipewa kitabu cha barua akiwa na miaka kumi na mitano, na kuanzia siku hiyo hakushikika. Alikipata kwa masista pale Kasongo, mwaka wake wa mwisho wa shule, kama zawadi ya mwandiko mzuri. Mwenzake aliyekuwa wa kwanza kwa kushona alipewa mkasi. Mkasi uliliwa na kutu zamani. Kitabu ninacho mimi.

Ni kitabu chembamba, kilichotafsiriwa na padri fulani kutoka lugha ya Ulaya. Ndani yake mna barua hamsini zilizokwisha kuandikwa: ya kuomba kazi, ya rambirambi, ya mke kwa mume aliye mbali. Wewe unajaza majina tu kwenye mabano. Enzi hizo za Wabelgiji elimu ya msichana ilikuwa katekisimu na sindano, kwa hiyo Léocadie alikimeza chote, akaanza kuongea kama kitabu. Akitumwa chumvi kwa jirani, anasimama mlangoni na kusema, "Nina heshima kubwa ya kukujulisha kwamba chumvi yetu imekwisha." Mama yangu, ambaye ni mdogo wake, anasema mara nyingi alitamani kumzaba kofi.

Lakini watu walimhitaji. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda migodini, na wake zao walibaki na mihogo na pamba ambayo serikali ililazimisha kulima. Wakawa wanakuja barazani kwa babu Hippolyte, seremala wa misioni, ili binti yake awaandikie. Mmoja wao alikuwa Mama Faida, ambaye mume wake Kasimu alikuwa hajaonekana kwa miaka miwili.

"Umwambie mbuzi amezaa mapacha," Mama Faida alisema. "Mvua inatunyeshea ndani ya nyumba. Na mimi nimechoka kukaa peke yangu."

"Mama Faida, ile haiko mu kitabu," Léocadie akajibu. "Barua ya muke iko ukurasa wa kumi na saba."

Basi Kasimu akaandikiwa kwamba mke wake mpendwa yu mzima, na kwamba waridi za bustanini zimechanua vizuri mwaka huu. Kasimu hakujibu. Ningekuwa mimi, nisingejibu pia.

Wakati huo Léocadie alikuwa amefikisha miaka kumi na minane. Kisha siku moja lori la pamba kutoka Kabambare likamletea babu Hippolyte barua. Babu hakujua kusoma, kwa hiyo Léocadie mwenyewe ndiye aliyemsomea. Babu alivaa koti kwanza, akakaa wima kwenye kiti.

Ilitoka kwa kijana aitwaye François, karani wa kupima pamba huko Wamaza, upande wa Kabambare. Kufika mstari wa pili, Léocadie alikwisha kuijua: ukurasa wa arobaini na moja, barua ya kijana ya kuposa. Neno kwa neno! Akasoma kwa sauti iliyozidi kupungua: "Tangu nilipomwona binti yako mwema (weka jina la msichana) moyo wangu haujatulia. Pendo langu halitayeyuka kama theluji ya mlimani."

"Theluji ni kitu gani?" babu akauliza.

"Mvua ya Ulaya, Baba. Iko ngumu."

Babu akajipiga paja. "Mutu anajua mpaka mvua ya Ulaya! Huyu iko na akili. Nitamwambia akuje."

"Baba, hajaandika hata jina yangu!"

"Ni haraka ya kazi. Barua ni nzuri." Kisha babu akamtazama usoni, akalegeza kidogo. "Haya, umujibu wewe. Lori linarudi kesho kutwa. Ukinyamaza, mimi nitasema ndiyo."

Léocadie alikasirika hadi masikio yakamchemka. Aozwe Wamaza, safari ya siku nzima juu ya magunia, kwa mtu aliyemwona kama nafasi tupu kwenye mabano? Akafungua ukurasa wa arobaini na mbili, jibu la kukataa kwa adabu, akaanza kunakili. "Bwana mheshimiwa, weka jina..." Hapo kalamu ikasimama. Alikumbuka zile waridi. Mama Faida hakuwahi kuona waridi hata moja, na yeye Léocadie ndiye aliyempelekea Kasimu waridi hizo badala ya mbuzi na upweke wa mke wake. Aliona aibu kubwa, ya kweli.

Akabeba karatasi mpaka kwa Mama Faida, akakaa jikoni. "Niambie tena habari ya mbuzi," akasema. Aliandika kila kitu kama kilivyotoka mdomoni, mpaka nyumba inayovuja. Aliposoma tena kwa sauti, Mama Faida alijifunika uso kwa kitambaa, akalia.

Kisha akaandika barua yake mwenyewe, ya kwanza maishani bila kitabu. Mistari mitatu ilimtoa jasho asubuhi nzima: "Bwana François, hapa kwetu theluji haianguki. Jina langu ni Léocadie. Kama una neno lako mwenyewe, liandike; kama huna, usije."

Kasimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, kwa mkono wa karani wa mgodini. Alitaka kujua wale mapacha ni wa rangi gani.

Jibu la Wamaza lilichukua wiki tatu. Babu akavaa koti tena, na Léocadie akasoma mwandiko uliokwenda upande.

"Léocadie. Mimi si mutu wa maneno. Kitabu niliazima kwa mwalimu. Niko na baiskeli moja na mama mugonjwa wa macho. Siku ya Pasaka mutu alianguka na baiskeli ndani ya matope, mbele ya kanisa ya Kasongo. Watu wote walicheka, wewe ulicheka kupita wote, halafu ukakuja kuinua baiskeli. Mutu ule ni mimi. Niliuliza wewe ni mutoto wa nani, wakanionyesha seremala. Jina niliogopa kuuliza, wangenicheka tena. Aksanti kwa kuniambia."

Babu alisubiri. "Imeisha? Na theluji?"

"Haiko, Baba."

"Basi hii si barua. Ile ya kwanza ilikuwa barua!"

Léocadie alikuwa anacheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. "Baba," akasema, "umwambie akuje."

Sasa kitabu kiko kwangu, na nikifungua ukurasa wa arobaini na moja, naona ndani ya mabano pamejazwa jina kwa wino: Léocadie. Mwandiko umekwenda upande na si wa mama mkubwa.