Tulishinda Kumi, Tukapangwa wa Saba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo najikuna kichwa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nahodha wa netiboli katika chuo kidogo cha uhazili pale Kariakoo, na ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa tena, vitambaa vya kila rangi vikaning'inia hadi njiani, na sisi vijana tukadhani maisha sasa ni kuchagua tu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwa Mama Lyimo, mjane wa Kichaga aliyeuza vitambaa kwa jumla, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba. Kutoka chumba chetu cha uani hadi kwenye cherehani ndiyo ilikuwa safari yake ya siku nzima. Alitushonea sketi saba za kijani, za marinda, lakini hakuwahi kuniona nikicheza, maana mechi zetu zote tulichezea uwanja wa kuazima kule Magomeni. Ni kwenye robo fainali tu mwenyeji alijichagulia uwanja. Nikamwahidi mama kwamba tutachezea Mnazi Mmoja, naye tutamwekea kiti mbele kabisa.

Sasa sikiliza utaratibu ulivyokuwa, na ukikuchanganya nivumilie, kwa kuwa hata mimi ulinichanganya. Kila chuo kilijitafutia wapinzani wa mechi kumi. Baadaye kamati ya mashindano ilikaa, ikachagua timu nane, ikazipanga kwa namba. Nne za juu zilikuwa wenyeji, nne za chini ziliwafuata huko huko kwao: wa nane kwa wa kwanza, wa saba kwa wa pili, hivyo hivyo.

Barua za kuomba mechi nilizipiga chapa mimi, na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Wauguzi wa Upanga walituomba mechi mara mbili, nikawajibu tuna mitihani. Chuo cha walimu nacho nikakikwepa. Nikawaandikia wanafunzi wa upishi, ambao nusu yao walicheza pekupeku, na darasa jipya la taipu ambalo halikuwa na hata mfungaji, na wengine wa namna hiyo. Tukashinda zote kumi. Nikatembea Kariakoo nzima nimeinua shingo.

Mama Lyimo, kwa kuwa ndiye aliyedhamini mashindano, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na orodha aliibandika mlangoni kwake. Niliisoma mara tatu. Walimu wa kwanza, wauguzi wa pili, sisi wa saba. Tuwafuate wauguzi Upanga. Nilidhani mpiga chapa amekosea, kisha nikadhani mtu amekula kitu. Nikaingia dukani bila kupanga la kusema.

"Shikamoo, Mama Lyimo."

"Marahaba. Mbona umekuja na ndita?"

"Sisi hatujafungwa hata moja, mama. Wauguzi wamefungwa mbili. Wamekuwaje wa pili, na sisi wa saba?"

Hakukasirika. Alimwaga kopo la vifungo juu ya meza.

"Mmemfunga nani?"

"Wapishi."

Akasogeza kifungo. "Na wapishi wamemfunga nani?"

Akachukua kifungo kingine.

"Wauguzi wamefungwa na nani?"

"Walimu. Mara mbili."

"Na mara ya tatu wakawafunga hao hao walimu. Wewe ulikuwa kwenye mitihani."

Akaendelea kusogeza vifungo: hesabu ya ushindi wako, halafu ya uliowashinda, halafu ya walioshindwa na hao. Kufika hapo nilikuwa nimeshapotea. Nikauliza, "Kwa hiyo aliyefungwa anaweza kumpita ambaye hajafungwa?"

"Anaweza. Hapa dukani mtu ananiletea kitambaa, anaapa hakichuji. Namuuliza, umekifua? Anasema bado. Nyinyi, mwanangu, bado hamjafuliwa."

Nikamwambia basi atuachie uwanja tu, namba ibaki ile ile, kwa ajili ya mama. Akasema uwanja unafuata namba, na akinipendelea mimi kwa sababu mama yangu anashonea barazani kwake, kesho atawaambia nini wengine? Nilipogeuka ndipo nikatambua kwamba cherehani nje ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Mama alisikia yote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Tukaenda Upanga. Mama hakuweza kuja. Teksi ilikuwa ya wenye nazo. Wauguzi walicheza kama watu waliokwisha kukung'utwa wakajifunza, nasi tulikuwa hatujawahi kukimbizwa. Tukafungwa vibaya.

Nilirudi mchana ule nikiwa bado nimevaa sketi. Mama hakuuliza magoli. Aliuliza, "Marinda yalikaaje mlipokuwa mnaruka?"

Sikujua. Sikuwa nimetazama. Nikalia pale pale, mtu mzima mimi, watu wakipita na marobota yao.

"Basi ruka nione," akasema.

Nikaruka barazani, mara moja, mara mbili. Mama Lyimo akachungulia. Mama akatazama kwa makini sana, akasema marinda yanafunguka vizuri, ila upande wa kushoto unavuta kidogo, nimpe sketi airekebishe. Mwaka uliofuata nilikuwa nimemaliza chuo. Hiyo ndiyo robo fainali pekee aliyoiona.

Mwanangu, hesabu ya vifungo sijaielewa hadi leo, na anayesema ameielewa yote mtazame vizuri. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nami nikadhani kwao ni pa kupewa tu, kumbe hutafutwa kwa jasho. Wewe unapochagua wa kushindana naye, mchague anayeweza kukushinda. Anayekuomba mechi usimwambie una mitihani. Na ahadi unayompa mzazi usiiegemeze kwenye ushindi uliojitafutia kwa wanyonge, kwa sababu siku ya siku atakayelipa ni yeye. Mungu akukutanishe mapema na walio hodari, akupe miguu ya kuwafuata kwao, na siku utakapokuwa mwenyeji, umpendaye awe amekaa mbele kabisa, anakuona ukiruka.