Kete za Bluu na Kijani

Antipasi, fundi seremala wa Ilongero, alikuwa na kipaji kimoja na kasoro moja. Kipaji chake kilikuwa mikononi: mlango akiutundika yeye haukwaruzi sakafu hata mvua ikiuvimbisha. Kasoro yake ni kwamba hakujua kuwa wa pili. Na Mungu naye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alimpangia kuwa wa pili karibu kila mahali. Kwao ni mtoto wa pili. Darasa la saba alishika namba mbili. Hata mkewe Dorkas alikuwa amechumbiwa kwanza na mwalimu mmoja kabla ya kubadili mawazo. Dorkas alishamsahau mwalimu huyo zamani. Antipasi hakumsahau.

Lakini mahali palipomuuma kuliko pote ni kwenye kijiwe cha drafti. Kijiwe hicho kinakutana kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, kwenye baraza ya mashine ya kukamua alizeti, katikati ya harufu ya mashudu. Katibu wake ni Gerald, mwenye mashine, mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuongea. Sheria za kijiwe ni chache. Ukishindwa, unainuka ili mwingine akae. Ukiacha kula pale unapotakiwa kula, kete yako inatolewa. Na kwenye ubao wa kwanza kuna kiti chenye mikono ambacho hakikaliwi ila na bingwa. Wengine wote ni wa benchi. Kiti hicho alikitengeneza Antipasi mwenyewe kwa mbao za mninga, miaka minane iliyopita, na alipokuwa akikipima alikipimia kiuno chake. Tangu siku hiyo aliyekikalia ni Mzee Hosea.

Mzee Hosea alikuwa mkulima wa uwele na alizeti, aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Alicheza polepole. Kabla ya kusogeza kete alikuwa anapitisha vidole juu ya ubao, anagusa hapa, anagusa pale, kisha anakula mbili kwa mpigo. Vijana waliona huo ndio ufundi wenyewe, wakaanza nao kupapasa ubao, wasijue wanapapasa nini. Wakati huo kijiwe kilichezea vizibo vya soda, kama ilivyo sehemu nyingi: huyu anavipanga kifudifudi, yule anavipanga chali. Kila Jumamosi Antipasi alipanga vya kwake kifudifudi, akapigana kiume, akafungwa, akainuka. Watu wakamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo lilimchosha kuliko kupiga randa kutwa nzima.

Mwezi wa sita, alizeti ilipokwisha kuvunwa, Mzee Hosea alimwita nyumbani kwake amtengenezee madirisha. Antipasi alipomaliza kufunga bawaba, alifungua makopo mawili ya rangi, akayasogeza mbele ya mzee.

"Mzee, tupake ipi? Bluu au kijani?"

Mzee Hosea aliinama juu ya makopo. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Antipasi akadhani ameona mdudu ndani ya rangi.

"Paka hiyo hiyo," akasema.

"Ipi, mzee?"

Mzee akaketi kwenye ngazi ya mlango. "Kaa hapa, mwanangu. Macho yangu yana ukungu, mwaka wa pili sasa. Mtu mbele yangu namjua kwa sauti. Hizo rangi zako mbili kwangu ni moja. Hata drafti nachezea vidole. Wewe nimekuambia kwa sababu umeshaona. Lakini watu wa kijiwe usiwaambie, watanihurumia. Na mtu akishakuhurumia, hachezi na wewe tena."

"Siwezi kusema, mzee," Antipasi alijibu, na siku hiyo alisema kwa moyo mweupe. Akapaka kijani, kwa sababu alijua marehemu mke wa mzee aliipenda.

Baada ya wiki mbili moyo huo ulikuwa umeshaingia doa. Jumamosi moja alifungwa mara tatu mfululizo, na Gerald akamtania mbele ya watu wote kwamba ile benchi sasa aichonge jina lake. Jumatatu akaingia karakana, akachukua kipande cha mninga, akaanza kuchonga vidude vya mviringo. Alichonga ishirini na vinne, akavipiga msasa mpaka vikawa laini, vyote unene mmoja, mgongo na tumbo havina tofauti. Mpaka hapo angeweza kusema anakitengenezea kijiwe kitu kizuri. Ila kwenye rafu kulikuwa na kopo la rangi nyeupe na kopo la rangi nyeusi, yote mawili yamejaa. Antipasi aliyatazama. Tena aliyatazama kwa muda. Kisha akachukua lile la bluu na lile la kijani.

Kijiwe kilifurahi kupita kiasi. Gerald alisema mbele ya watu kwamba sasa wametoka kwenye takataka za soda, wamekuwa watu. Vizibo vya zamani akamkabidhi Antipasi akavitupe. Antipasi akavitia mfukoni. Baadaye akaviweka kwenye mkebe wa misumari chini ya meza yake ya kazi, asijue kwa nini.

Mzee Hosea aliokota kete moja mpya, akaizungusha vidoleni. Akaokota nyingine.

"Zina rangi gani hizi?" akauliza.

"Bluu na kijani, mzee. Zinang'aa," Gerald akasema.

Mzee aligeuza uso kuelekea pale sauti ya Antipasi ilipokuwa imesikika mara ya mwisho. "Kazi nzuri, fundi," akasema. Halafu akapanga kete zake, na mchezo ukaanza.

Alifungwa siku hiyo, akainuka kwenye kiti cha mikono kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Antipasi akakaa. Kiti kilimtosha sawasawa. Jumamosi ya pili mzee aliacha kula mara nne, na mara zote nne Antipasi aliitoa kete yake nje, kwa sheria, bila haraka, kama mtu anayetoa kokoto kwenye mchele. Jumamosi ya tatu Mzee Hosea alipitisha vidole juu ya ubao, akasita, akashika kete ya Antipasi, akaisogeza mbele akidhani ni yake.

Benchi nzima ikaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya. Walidhani ni mzaha wake ule mkavu. Walipoona uso wake, wakanyamaza. Mzee akainuka, akaaga, akaondoka akipapasa ukuta wa baraza. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

"Akili imechoka," Gerald alisema kwa huzuni ya kweli. "Uzee hauna dawa."

Neno hilo lilitoka kijiweni likaenda kwenye mashine ya kusaga, likaenda kanisani, likafika nyumbani kwa mzee kabla ya mwezi kuisha. Majirani waliokuwa wanamletea ugomvi wa mipaka ya mashamba auamue wakaanza kumpita mlangoni. Mtoto wake Paschal alikuwa kijana mwenye adabu, lakini naye akaanza kumjibu baba yake kwa sauti kubwa na maneno mafupi, jinsi watu wanavyomsemesha mgonjwa.

Antipasi aliyaona haya yote na akajikausha. Angeweza kuyakomesha kwa sentensi moja. Kila ulimi ulipotaka kufunguka, alijikumbusha kwamba aliahidi kutunza siri. Ahadi ni deni, alijiambia, na alijua moyoni kwamba hata shetani angeona haya kutumia ahadi namna ile.

Jumapili moja kulikuwa na kikao cha posa ya Lucy, mjukuu wa Mzee Hosea, na Antipasi alialikwa kama jirani. Kwa desturi msemaji wa nyumba angekuwa mzee mwenyewe. Walimweka pembeni karibu na dirisha la kijani, wakamfungulia soda, wakaongea wenyewe. Mara moja mzee alikohoa atoe neno, Paschal akamwambia, "Baba, wewe kunywa soda." Kizibo cha soda kilikuwa kimebaki mkononi mwa mzee. Akakigeuza kwa kidole gumba, kifudifudi, chali, kifudifudi, chali, mpaka kikao kikaisha. Antipasi alishindwa kula. Alitoka nje akasimama nyuma ya zizi, masikio yanamwaka, akatamani mtu yeyote amtukane.

"Baba Happy, una nini?" Dorkas alimuuliza kesho yake asubuhi, uji ulipopoa mbele yake.

"Kuna siri nilipewa na mzee mmoja. Inanilemea."

Dorkas akamwangalia kwa upole. "Basi itunze. Siku hizi watu wa kuaminika wamebaki wachache." Akamwongezea uji. Antipasi akaunywa wote, kwa sababu kuuacha kungeleta swali la pili.

Gerald ndiye aliyeleta wazo la kumuaga Mzee Hosea kwa heshima: wamwite kijiweni, wampe zawadi, bingwa mpya aseme mawili matatu. Zawadi iwe fimbo, na fimbo achonge Antipasi. Akaichonga. Katika maisha yake hakuwahi kuchonga kitu kizuri vile wala kukichukia vile.

Jumamosi hiyo Paschal alimleta baba yake kwa kumshika kiwiko. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Antipasi alikuja na fimbo mkono wa kulia, na mfukoni alikuwa na vile vizibo. Alikuwa amepanga hivi: atasema tu kwamba kwa heshima ya mzee wacheze mchezo mmoja kwa kete za zamani, mzee atashinda, watu wataona akili anayo, mambo yatakwisha, na hakuna atakayejua lolote. Ndivyo mtu anavyofikiri anapotaka kutubu bila kuungama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi." Mzee aliitambua sauti, akageuka.

Antipasi akasema alivyopanga, akamwaga vizibo juu ya ubao. Vikalia. Mzee aliposikia mlio ule alivua kofia, akanyoosha vidole. Antipasi akampisha kwenye kiti cha mikono, naye akakaa benchi ng'ambo ya ubao. Mchezo haukuchukua muda. Mzee alimlisha kete moja, akamlisha ya pili, kisha akala tatu, akafika mstari wa mwisho akaingia kingi. Antipasi alicheza kwa nguvu zake zote, maana hata siku hiyo kasoro yake ilikuwa haijamtoka, na bado alifungwa vibaya.

Gerald alisimama. "Jamani, akili ya mzee imerudi!"

"Haikwenda popote," Mzee Hosea akasema. "Kilichokwenda ni macho. Nachezea vidole. Vizibo naviona kwa vidole, zile nyingine sizioni." Akaweka kizibo chini. "Kuna mmoja wenu alikuwa anajua."

Watu wakatazamana. Paschal akauliza, "Nani, baba?" Mzee aliweka mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti, akasubiri. Alikuwa na hasira, na hakuificha; taya zake zilikuwa zinacheza. Lakini jina hakulitaja, na ilieleweka kwamba hatalitaja hata wakikaa hapo mpaka jua lizame.

Antipasi alitazama kete zake nzuri ndani ya kisanduku, za bluu na za kijani.

"Ni mimi," akasema. "Aliniambia siku napaka madirisha yake. Kete nilizichonga baada ya hapo."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Gerald akaokota kete moja ya bluu na moja ya kijani, akazipapasa huku amefumba macho, akazirudisha kwenye kisanduku. Paschal akaangalia pembeni, machozi yakimlengalenga, pengine kwa ajili ya ile soda.

"Nisamehe, mzee," Antipasi akasema.

"Umefungwa," Mzee Hosea akajibu. "Inuka."

Akainuka. Ile fimbo ilikuwa bado mkononi mwake, na hakujua aiweke wapi.

"Na Jumatatu," mzee akaendelea, akiwa anapanga vizibo kwa ajili ya anayefuata, "nakwenda hospitali mjini, niangaliwe kama ni mtoto wa jicho. Paschal ana kazi shambani. Utanipeleka wewe."

Jumatatu asubuhi waliondoka. Mjini, kutoka stendi mpaka hospitali, mzee alitembea ameshika mkono wa Antipasi. Walipoketi kwenye foleni ya macho, nesi alikuja na daftari, akamuuliza Antipasi, "Wewe ni mwanawe?"

Antipasi akamgeukia mzee.

"Hapana," Mzee Hosea akasema. "Huyu ni mtu niliyemwambia habari za macho yangu."

Nesi akaandika alichoandika, akaenda kwa mwingine. Mzee akamgeuzia Antipasi uso, akabaki amemwelekea hivyo, macho yake yale ya ukungu yakimtafuta. Antipasi alikuwa analia. Akamshukuru Mungu kwamba mzee haoni. Halafu akasikia alichoshukuru, akainamisha kichwa.