Kesi ya Kuosha Damu

Mimi ndiye niliyekuwa nikipima damu za watu katika hospitali moja ndogo ya milimani, na damu yangu mwenyewe sikuthubutu kuipima virusi. Miaka ile malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa ndiyo kwanza yalikuwa yanapanda kwetu Umatengo, nami nilikuwa na viatu vya kung'aa na mambo yangu ya siri kule ziwani, Liuli. Niliogopa jibu.

Binti wa mama yangu mdogo alilazwa akiwa na mimba ya miezi minane na damu pungufu. Daktari alitaka chupa moja kabla ya uchungu, na kwetu damu hutolewa na ndugu. Mama mdogo alipimwa, damu yake haikupatana na ya bintiye. Mume wa mgonjwa alikuwa ameenda Msumbiji. Nikabaki mimi, na kundi langu la damu nililijua vizuri kuwa lingemfaa.

Nikakwepa kisomi. Katika jarida moja kuukuu la daktari nilikuwa nimesoma kwamba huko Ulaya makampuni yanashtakiana juu ya mbinu ya kuondoa virusi kwenye damu ya kuchangiwa, kila moja likidai hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi huo. Nikamwambia mama mdogo kuwa damu za siku hizi zina wadudu, dawa ya kuziosha ipo ila imekwama mahakamani, heri tusubiri kesi iishe. Mbinu yenyewe ilihusu maji ya damu yanayosindikwa viwandani, wala haikuhusu chupa yetu. Nililijua hilo huku mdomo ukiendelea.

Hakubisha. Siku hizo kila ugomvi wa kahawa uliishia mahakamani Mbinga, na mkulima aliyekwenda mwenyewe alisikilizwa kuliko aliyekaa nyumbani. Kesho yake akaacha palizi, akashika njia kwa miguu, kuku kwapani, kwenda kumwomba hakimu aiharakishe kesi ya damu. Makarani walicheka, kisha wakamwonea huruma. Mmoja akamwambia kesi hiyo haipo kwao, labda Dar es Salaam.

Uchungu wa bintiye ulianza mama mdogo akiwa bado njiani kurudi. Mtoto alitoka salama, lakini mama yake alitokwa damu bila kukoma. Nesi alipokuja mbio maabara kunitafuta, nilijifanya natafuta mirija. Nilipokunja mkono wa shati hatimaye, mdogo wangu alikuwa ameshakata roho.

Msibani mama mdogo aliniita kando, amembeba mjukuu. Nilimwamkia nikitazama chini. Nilikuwa nimeazimia kumwambia yote.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Usijilaumu. Wewe ulitueleza mapema. Wenye kesi ndio waliomuua."

Watu walikuwa wanatusikiliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni wao."