Nilimjaribisha Bi Rukia app ya kutafuta sauti za wazee, akakataa kumtaja mumewe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Ninayoandika hapa niliyashuhudia mwenyewe, nimeketi kwenye kiti cha plastiki. Asiyeamini asome tu apite.

Kazi yangu ni kuwajaribisha watu app kabla haijatolewa. Mtu anapewa laptop, anaambiwa atafute kitu, nami nakaa pembeni natazama anakwama wapi.

Sheria ni moja: akikwama, usimsaidie. Andika.

Juzi juzi tulipewa app ya kutafuta ndani ya mazungumzo ya zamani. Kuna kituo fulani kiliwarekodi wazee wa hapa kisiwani wakieleza kazi zao za bandarini, reli na sokoni, kisha maneno yote yakaandikwa. Unatafuta, unabonyeza jibu, unaisikia sauti yenyewe.

Tukakodi chumba juu ya duka moja pale mtaa wa Ndia Kuu, tukaalika watu wa mtaa.

Mzee wa kwanza aliandika kwenye kisanduku salamu kamili, akamuulizia hali yule aliyemo ndani, ndipo akaomba haja yake. App ikamletea kila mazungumzo yenye salamu, yaani yote.

Nikamuuliza ameionaje. Akasema maashallah, kazi nzuri, Mungu awazidishie. Akatupa alama tano kwa tano.

Wote walitupa tano kwa tano. Mama mmoja hakupata jibu hata moja, akatupa tano na sahani ya mahamri.

(Mimi ni mtu wa Kitui. Kwetu ungeambiwa. Hapa mgeni hakosolewi kitu chake mbele yake.)

Bosi akafurahi sana. Mimi nilikuwa nakereka, maana app ilikuwa mbovu na ushahidi wote ulisema ni nzuri.

Ndipo akaja Bi Rukia, mjane wa mtaa huo huo. Akasema wazi kwamba hakuja kwa majaribio yetu. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa winchi bandarini, na aliwahi kurekodiwa na kile kituo. Nyumbani kulikuwa na kaseti moja tu yenye sauti yake, na redio iliitafuna.

Akasema ameanza kuisahau sauti hiyo. Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwamba nyanya zimeadimika.

Nikampa laptop. Kisanduku cha kwanza kinataka jina la msemaji. Akaandika Baba Salma.

Hakuna.

Akaandika tena, polepole. Hakuna.

Hapo nikavunja sheria, nikamwambia aandike jina halisi la mumewe.

"Mume hatajwi, mwanangu."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe wanawake wengi wa rika lake hapa mjini hawamtaji mume kwa jina. Ni heshima, na kifo hakibadilishi kitu. Nikamwambia basi asitamke, aandike tu. Akasema kuandika ni kutaja kwa mkono.

Jina la pili la Bi Rukia mwenyewe halikunisaidia, ni la baba yake. Nikajaribu ujanja, nikamuuliza Salma huitwa Salma nani.

Akacheka. "Hapo wanitega."

Salma mwenyewe yuko Maskati, na simu hakupokea.

Nisiwafiche, nilikuwa na hasira. Sauti ya mume wa mtu ilikuwa ndani ya ile laptop, na kilichomzuia kuisikia ni kisanduku tulichokitengeneza sisi.

Bi Rukia akauliza kile kisanduku cha chini ni cha nini. Nikamwambia kinatafuta maneno yaliyosemwa, hata kama humjui msemaji.

Akafikiri kidogo. "Yeye alikuwa hawezi kunena maneno mawili asinitie mimi ndani."

Akaandika Mama Salma.

Yakaja majibu mawili. La kwanza, bibi mmoja akieleza mapishi ya harusi. La pili, mwanamume anaeleza zamu za winchi. Kabla sijaongeza sauti, Bi Rukia alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Anayemhoji alimuuliza bandarini huwa wanakula nini. Akajibu:

"Mama Salma hunitilia chai kwenye themosi, sukari tele. Mimi chai ya sukari siipendi. Lakini nimwambieje, naye huamka alfajiri kwa ajili yangu? Huinywa yote."

Bi Rukia akalia. Nami machozi yalinitoka, na sheria haisemi lolote kuhusu hilo.

Kisha akasema, "Themosi ilikuwa ikirudi tupu, nami nikazidi kutia sukari."

Akaniomba niirudishe tangu mwanzo.

Kwenye ripoti niliandika app imefeli, ibadilishwe, mtu aweze kutafutwa kwa jina la mwanawe, mtaa wake au kazi yake. Bosi alinuna, lakini inabadilishwa.

Funzo nililopata, wakuu: mwenye adabu hatakwambia kitu chako kibaya. Kaa naye, mtazame anavyokitumia, ujue alikuja kutafuta nini. Na themosi kurudi tupu si ushahidi kwamba chai ilikuwa nzuri.

Walio kwenye ndoa, waulizeni wenzenu leo kama kweli huipenda chai yenu. Kisha rudini hapa mtuambie mlijibiwa nini.